Fleshi Haiombi Kibali

Tangu Starlink ianze kuuza huduma yake Malawi mwaka 2023, vijana ninaowafundisha kuandika programu hapa Dzaleka wamekuwa wakiniuliza swali moja kwa namna nyingi. Mwalimu, wanasema, hizi habari za kuvuta kabla ya kusukuma, za kukatakata kazi vipande vidogo, za kuandika maelezo marefu kwa kila komiti, yaani kila hatua ya kazi inayohifadhiwa, si zilikuwa za zama zenu za shida? Sasa mtandao upo. Mtu akimaliza kazi yake anaipandisha GitHub, basi.

Swali lao si la kipuuzi, na ni kweli kwamba mengi tuliyoyafanya tuliyafanya kwa kukosa. Lakini limenirudisha kwenye miaka ambayo watu wanne tuliandika programu moja, wawili tukiwa kambini na wawili Lilongwe, tukitenganishwa na kilomita zipatazo 40 ambazo kwa mkimbizi haziishii kwenye nauli. Nikiipitia miaka ile mmoja baada ya mwingine, sioni mahali ambapo mtandao peke yake ndio uliotuangusha.

Kwa asiyeijua Dzaleka: ni kambi iliyo wilaya ya Dowa, kaskazini mwa Lilongwe, mahali palipokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa zama za Kamuzu Banda. Ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu elfu kumi na kitu. Leo ina zaidi ya 50,000, wengi wetu Wakongo, kisha Warundi na Wanyarwanda, na ukipita sokoni utasikia Kiswahili kabla ya lugha nyingine. Malawi ilipojiunga na Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 iliweka masharti yake, na kwa utaratibu wa nchi mkimbizi anatakiwa akae kambini. Akitaka kwenda mjini aombe kibali. Mimi nilifika nikitokea Fizi, kwa kuvuka ziwa hadi Kigoma na kushuka hadi Karonga, mkononi nina diploma ya Serikali ambayo hakuna aliyeiulizia. Kompyuta nilizikuta huku. Wajesuiti walikuwa wameanzisha masomo ya elimu ya juu kwa njia ya mtandao tangu 2010, na Remy Gakwaya, Mrundi aliyekuwa mkimbizi hapa hapa, alianzisha TakenoLAB, ambako vijana wa kambi walijifunza kuandika programu. Anayedhani teknolojia imeshuka Dzaleka pamoja na dishi la satelaiti amechelewa kidogo.

Programu yetu ilikuwa ya banki mkhonde, vile vikundi vya kuweka na kukopeshana ambavyo vimeenea Malawi, na kambini pia, vingi vikiongozwa na akina mama. Kila kikundi kina daftari, na kila daftari lina ugomvi wake. Tulitaka simu ya bei ndogo iweze kutunza hesabu za hisa, mikopo na riba bila kudai mtandao kila saa. Kambini tulikuwa mimi na rafiki yangu Mrundi. Lilongwe alikuwepo dada mmoja Mmalawi wa Area 25, na Mkongo mwenzetu, yaya kwangu, yaani kaka mkubwa kwa umri, aliyekuwa na duka la simu mjini.

Miezi ya kwanza tulitumiana mafaili ya zip kwa WhatsApp. Yeyote aliyewahi kuwa na faili liitwalo "mwisho", na jingine liitwalo "mwisho kabisa", anajua tulikofika.

Dada wa Area 25 ndiye aliyetuhamishia kwenye Git, programu ya kutunza historia ya kazi. Linus Torvalds aliiandika Aprili 2005, baada ya kampuni iliyokuwa ikiwapa waandishi wa Linux programu ya BitKeeper bila malipo kuiondoa ruhusa hiyo. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na Git imeundwa na watu walioshtuka: hakuna anayelazimika kuitegemea seva moja. Kila anayeinakili repo, yaani ghala la kazi, anapata historia yote, tangu komiti ya kwanza, ndani ya mashine yake. Seva ya pamoja ni nakala kati ya nakala. Kinachoitofautisha ni kwamba wenye kazi wamekubaliana kukutana hapo. Kwa watu wa bando la kupimiana hilo lilikuwa jambo kubwa. Usiku, nyumbani kwangu Katubza, humu kambini, umeme umekatika na betri inaelekea kuisha, niliweza kusoma nani alibadilisha hesabu ya riba na kwa nini, nikafungua tawi jipya, nikakomiti, bila baiti moja kutoka nje.

Ila hapo hapo ndipo penye mtego. Rafiki yangu Mrundi alikaa wiki kadhaa bila bando. Kila asubuhi aliandika git status, na kila asubuhi aliambiwa kwamba tawi lake liko sawa na la seva. Akaamini, akaendelea kujenga juu yake. Siku alipopata mtandao akasukuma, akakataliwa. Akaja mbio.

"Kaka, hii mashine ni mwongo. Jana tu imeniambia niko sawa."

Mashine haikusema uongo. Amri ile haiulizi seva chochote. Inalinganisha kazi yako na kumbukumbu uliyobaki nayo mara ya mwisho ulipouliza. Ile origin/main iliyo kwenye kompyuta yako ni habari ya siku ile, si ya leo. Tuna wazee hapa kambini watakaokutajia bei ya mikebuka sokoni Baraka kwa uhakika usio na shaka, na bei hiyo ni ya mwaka waliokimbia. Hawadanganyi. Hawajapata aliyetoka huko karibuni, basi.

Tangu siku hiyo tukaacha kuitumia git pull kwa mazoea. Pull hufanya mambo mawili kwa mkupuo: inaleta habari, kisha inazichanganya na kazi yako papo hapo. Git fetch huleta habari na kuziweka pembeni. Tulipopata mtandao tulifanya fetch, tukazima data, halafu tukakaa na git log na git diff usiku tukisoma walichofanya wenzetu kabla ya kukubali kuchanganya. Mpaka leo nashikilia kwamba huu ndio utaratibu bora hata kwa mwenye mtandao wa bure. Anayevuta na kuchanganya huku akitazama saa, mgongano ukitokea atautatua kwa kufuta asichokielewa, na asichokielewa mara nyingi ni kazi ya mtu mwingine.

Kisha ikaja miezi ambayo hata dakika za kufanya fetch hazikupatikana. Yaya wa dukani ndiye aliyegundua git bundle. Ni amri iliyomo ndani ya Git tangu 2007: inafunga komiti zako katika faili moja, furushi, na mwenzako analisoma faili hilo kana kwamba ni seva. Furushi likaingia kwenye fleshi, fleshi ikafungwa kwenye pindo la kitenge cha mama mmoja aliyekuwa akienda Lilongwe mara kwa mara kununua bidhaa, yeye ana kibali chake, sisi hatuna. Minibasi inapita Lumbadzi, karibu na uwanja wa ndege, na kabla ya jua kuzama furushi liko Area 25. Fleshi haiombi kibali, tukawa tunasema, na tulicheka sana, nadhani kwa sababu haukuwa mzaha mtupu.

Furushi la kwanza lilifunguka vizuri. Lililofuata likakataliwa. Ili faili liwe dogo, rafiki yangu alifunga komiti za mwisho tu, akijua kwamba za kabla yake dada anazo. Hakuwa nazo. Zilikuwa katika fleshi nyingine iliyobaki kambini, kwa sababu siku ya kuipeleka mtoto wa yule mama aliugua na safari ikaahirishwa. Git ikamwambia dada kwa maneno machache kwamba repo yake inakosa komiti ya msingi, ikaitaja kwa herufi na tarakimu zake 40. Akatupigia simu akiwa na hasira ya haki. Wiki ikapita bure, kila mtu na furushi lake, hakuna linalofunguka.

Kabla ya hapo nilikuwa nimefundishwa kwamba kusawazisha ni kupeleka na kupokea. Furushi lile lilinionyesha kwamba kabla ya kupeleka kuna kuuliza. Komiti husimama juu ya komiti iliyoitangulia. Ukimpelekea mtu ya juu na hana ya chini, hujampelekea kitu. Mtandao ukiwepo hulioni hilo, maana fetch na push zenyewe huanza kwa pande mbili kutajiana walichonacho, ndani ya nukta chache, nawe unatazama mshale ukizunguka. Sisi tulilazimika kuyafanya mazungumzo hayo kwa mdomo na kwa SMS. "Ya mwisho kwangu 7c1e09a. Kwako?" Na dada anajibu kwa tarakimu zake. Hiyo ikawa salamu yetu ya asubuhi kabla ya habari za watoto. Mtu asiyetujua angeiokota simu yangu barabarani angeipeleka polisi akidhani ni ya jasusi.

Agosti 13, 2021 GitHub, ambako ndiko ilikokuwa seva yetu ya pamoja, iliacha kupokea nywila kwa kazi za Git. Ilikuwa imetangazwa mapema, ila tangazo halikutufikia, na nusu siku ya mtandao wa kuazima iliishia katika kutafuta kwa nini nywila sahihi inakataliwa. Tukatengeneza funguo za SSH, yakaisha. Ni jambo dogo. Lakini lilimfanya rafiki yangu aanze kusema kila mara kwamba tunakutana nyumbani kwa watu, na mwenye nyumba anaweza kubadilisha kufuli. Alikuwa na mfano mkubwa zaidi kuliko nywila: Julai 2019, kwa sababu ya vikwazo vya Marekani, waandishi wa programu wa Iran, Syria na Crimea walijikuta hawazifikii repo zao za faragha huko huko GitHub. Kwa mkimbizi, ambaye karatasi zake zote ni za muda, habari kama hiyo haisomwi kama ya watu wa mbali.

Januari 2022 dhoruba Ana iliharibu kituo cha umeme cha Kapichira kwenye mto Shire. Zilipotea karibu megawati 130, yapata theluthi ya umeme wa nchi, na kwa zaidi ya mwaka giza likawa na ratiba kuliko mwanga. Minara ya simu nayo ikawa inalegea saa za giza. Ndipo tukaanzisha seva yetu kambini: Raspberry Pi moja, kadi ya kumbukumbu, paneli ndogo ya jua, ruta isiyo na intaneti, na repo tupu ya aina ambayo haina mafaili ya kufanyia kazi bali historia pekee. Git inakuruhusu kuwa na seva zaidi ya moja na kuziita upendavyo. Tuliita hii "kambi", na ile ya GitHub tukaibadilisha jina ikawa "mjini". Jioni, git push kambi. Siku ya mtandao, git push mjini.

Hapa tulibishana kweli, na nasimulia ubishi huu kwa sababu wengi huuruka. Ukiwa na sehemu mbili za kukutania, siku moja zitatofautiana, na lazima ijulikane mapema ipi ina neno la mwisho. Rafiki yangu alitaka iwe kambi: ndiko kazi nyingi ilikofanyika, ndiko walikokuwa akina mama wenye madaftari, na haina mwenye nyumba wa kigeni. Mimi nilitaka mjini, si kwa kuipenda, ila dada wa Area 25 hakuwa na njia ya kuifikia kambi, wakati sisi kwa taabu yote tungeifikia mjini. Yaya wa dukani akaamua: neno la mwisho liko mahali ambapo aliye mbali kuliko wote anaweza kufika. Na kazi ya kusawazisha kambi na mjini akapewa mtu mmoja, anayejulikana kwa jina, kwa sababu kazi ya wote hufanywa na hakuna. Bado nadhani uamuzi ulikuwa sahihi. Rafiki yangu bado anadhani haukuwa.

Kambi ilituokoa mwaka huo huo. Kijana mmoja wa mjini, aliyekuja kutusaidia kwa muda, alisukuma kazi yake ikakataliwa kwa kuwa seva ilikuwa na komiti ambazo yeye hana. Badala ya kuzileta kwanza, alitafuta dawa ya ujumbe ule wa kosa, akaipata: --force. Seva ikatii. Komiti za dada, zile za orodha ya wakopaji, zikatoweka kwenye tawi kuu. Kwa kawaida si msiba, mwenye kazi ana nakala yake, lakini kompyuta ya dada wakati huo ilikuwa kwa fundi na diski yake imefutwa. Waliobaki na komiti hizo walikuwa wale waliokuwa nyuma: kambi ilizipokea, kisha umeme na mtandao vikakatika kabla hatujapata nafasi ya kuharibikiwa pamoja na wengine. Tulizirudisha mjini kutoka kwenye ile Raspberry Pi. Kijana hatukumfokea. Tulimwonyesha --force-with-lease, ambayo hukataa kulazimisha endapo seva ina kitu ambacho hujakiona, na kwenye GitHub tukalifunga tawi kuu lisiweze kulazimishwa na mtu yeyote, sisi tukiwamo.

Machi 2023 serikali iliwaamuru wakimbizi wote wanaoishi mijini na vijijini warudi Dzaleka, mwisho ukiwa Aprili 15. Mei 17 msako ukaanza Lilongwe. Siandiki hapa habari za siku zile. Wako walioumia kuliko mimi, na wanayo haki ya kuzisimulia wenyewe. Nitasema la kwetu tu. Yaya alifunga duka akaja kambini na mke, watoto, magodoro na sufuria. Kompyuta aliiacha kwa jirani ili isipotelee njiani, na ilipotafutwa baadaye haikupatikana.

Jioni moja tukakaa uani kwangu kuhesabu kilichobaki. Historia yote ya programu ilikuwepo, mjini na kambi, na kwenye mashine zetu. Kilichokosekana ni sehemu ya riba ya mikopo inayochelewa, aliyoifanyia kazi yaya tangu Pasaka. Nikamwuliza, yaya, lakini dukani ulikuwa na mtandao kuliko sisi wote. Kwa nini hukuisukuma hata kwenye tawi la pembeni?

"Nilikuwa nangoja ipendeze," akasema.

Hapo ndipo ninapotaka vijana wangu wasimame. Mtu huyu ndiye aliyetufundisha furushi. Alijua amri zote. Bando alikuwa analiuza yeye mwenyewe. Kilichomzuia si waya wala mnara; aliona haya kuonyesha kazi iliyo nusu. Nami naielewa haya hiyo, maana mkimbizi anayeandika programu hupimwa mara mbili, na komiti yenye makosa hukaa kwenye historia na jina lako. Hata hivyo seva haiwezi kukutunzia usichoiambia. Aliiandika upya sehemu ile kwa kukumbuka, akiketi karibu na ile Raspberry Pi, na kila jioni alisukuma alichofikia, kingine hata hakikuweza kuendeshwa. Ya pili ilitoka fupi kuliko alivyoikumbuka ya kwanza, na nadhani ni bora, ingawa yeye hakubali.

Rafiki yangu Mrundi alipata uhamisho kwenda Kanada. Anafanya kazi zamu ya usiku, ana intaneti ambayo hapa tungeiona anasa, na bado ni mmoja wetu. Kwenye git log saa zake zinaonekana zimeachana na zetu kwa nusu ya siku karibu. Ndiye anayetuchelewesha siku hizi. Kwa mwezi mzima hakuleta kitu, wala hakuvuta. Kisha Jumamosi iliyopita ikashuka komiti moja tu, yenye mabadiliko ya mafaili karibu yote, maelezo yake maneno mawili: "marekebisho mengi". Imejengwa juu ya tawi kuu la mwezi uliopita. Nilimpigia simu kukiwa usiku huku, kwake mchana, akiwa ndiyo kwanza anaamka.

"Kaka, umevuta kwanza?"

Akacheka, akasema mtandao huko haujawahi kumkatikia hata siku moja, kwa hiyo hakuona haraka.

Nimewapa vijana darasani ile komiti waifanyie fetch na waisome bila kuichanganya na chochote, kisha waniambie kilichomo. Mpaka leo hawajakubaliana. Yeye tumemwomba aanze upya kutoka tawi kuu la sasa, aikate vipande, na cha kwanza kiwe cha riba, kwa sababu akina mama wa Katubza wanagawana fedha zao Desemba na wameanza kuuliza.